Imeli, WhatsApp ao SMS? Brevo, MailerLite ao Mailchimp? Ulinganisho kwa wenye biashara ndogo hapa L'shi

Watu wenye butike ao biro ndogo hapa Lubumbashi wananiuliza kila mara programu gani ya kutuma imeli kwa makiliya (wateja) iko nzuri, na mi kila mara najibu kwa swali: makiliya wako ni nani, na mchana wanashinda wapi? Juu kama hujui hiyo, utalipa dola kila mwezi kwa mesaji ambazo hakuna mtu anafungua, kisha utasema imeli haifanyi kazi Kongo.

Chukua mama anayeuza vitenge kule Kenya (komini ya Kenya, si nchi, ninyi mnaosoma toka mbali). Makiliya wake wana telefone, wana WhatsApp, na adrese ya Gmail wanayo pia juu Android iliwadai siku ya kwanza ya kuwasha telefone, tena mara nyingi ni kijana wa kuuza telefone njo aliwafungulia, neno la siri hawalijui na hiyo Gmail hawajawahi kuifungua hata mara moja. Ukimwambia huyu mama ajiandikishe kwa Mailchimp unamwibia muda wake.

Sasa chukua kijana anayeuza ma-EPI, yaani buti, glavu, kofia za usalama, jile za kung'aa, kwa kampuni za migodi na sutretan wao (kampuni ndogo wanazozipa sehemu ya kazi), toka hapa mpaka Likasi na Kolwezi. Mtu anayeamua kununua amekaa mbele ya kompyuta, Outlook iko wazi toka asubuhi, anataka devi (karatasi ya bei) kwa PDF, anaisukuma kwa mkubwa wake, mkubwa anasaini, boni ya komandi inatoka. Kama hauko ndani ya imeli yake, kwake haupo. Na toka sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliyosema kazi za sutretansi ziende kwa kampuni zenye mtaji wa Kikongo, kampuni ndogo za namna hii zimekuwa nyingi sana na wote wanaandikia watu walewale wa servisi ya manunuzi. Hapo imeli iliyopangwa vizuri inaleta makuta, na hapo njo swali la programu linaanza kuwa na maana.

Wengine wako katikati: gesti, shule ya praiveti, imprimeri, traiteri wa harusi, kabine ya kontable (mhasibu). Hao wanahitaji vyote viwili, nitawarudia.

Tuanze na WhatsApp, juu njo iko kwa mikono ya kila mtu. WhatsApp Business ni bure, ina katalogi ya bidhaa na bei, ina majibu ya haraka uliyoandika mapema, na ina listi ya kutangaza ambayo unatuma mara moja na kila mtu anapokea peke yake kama umemwandikia yeye. Listi moja inabeba watu 256. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalijui: mtu asiyehifadhi numero yako kwa telefone yake hapokei kitu. Unaweza kutuma kwa watu 256 ikafika kwa 80 na wewe hujui. So kazi ya kwanza si kutuma, ni kumwomba kila kiliya anayelipa pale kontware (kaunta) ahifadhi numero yako mbele ya macho yako, "mama, andika hapa, Vitenge Kenya". Groupe mi siipendi kwa kuuza, mmoja anauliza bei, mwingine anatuma maombi ya asubuhi, wa tatu anatangaza biashara yake mwenyewe ndani ya groupe lako, na watu wanatoka kimyakimya. Statuti iko sawa, inakaa masaa 24, ila inaonekana kwa wale tu mliohifadhiana numero.

Udhaifu mkubwa wa WhatsApp ni kwamba biashara yote iko ndani ya kifaa kimoja. Telefone ikiibiwa pale sokoni ao ikianguka ndani ya maji, na hukuweka sovgarde (kopi ya akiba), historia yote ya makiliya inaenda nayo. Na ukiwatumia mesaji watu wasiokujua, wakabonyeza "ripoti", numero inaweza kufungwa.

SMS watu wanaidharau, mi sikubaliani nao. Inafika kwa telefone ya kubonyeza, inafika bila mega (data ya intaneti), inafika wakati SNEL imekata umeme na ruta ya nyumba imekufa. SMS moja ni alama 160 ukitumia herufi za kawaida, lakini ukiweka alama moja isiyo kwenye ile orodha ya zamani ya herufi za GSM, mesaji nzima inashuka mpaka alama 70 na unalipa mbili ao tatu badala ya moja. Herufi é na è ziko ndani ya orodha, lakini ê haiko, kwa hiyo "bonne fête" tu inatosha kukuongezea bei. Kiswahili hakina hizo kofia, andika "Vitenge vya tarehe 8 Machi vimefika, njoo uchague" na unabaki ndani ya 160 bila kufikiri. SMS nzuri ni ya kukumbusha kitu chenye tarehe: nguo imekwisha kushonwa, minervali (ada ya shule) mwisho Ijumaa, gari la Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, linaondoka saa fulani. Ya kuelezea bidhaa hapana, haina picha, na kila mtu unayeongeza kwenye listi anaongeza bei.

Sasa imeli yenyewe. Wengi wanaanza na Gmail ya kawaida, wanaweka adrese zote kwenye CCI (Bcc, pale ambapo watu hawaonani adrese) na kutuma. Kwa watu thelathini, arobaini, hakuna shida, mi siwezi kukwambia ukalipe programu kwa ajili ya watu arobaini. Gmail ya bure ina kikomo cha watu 500 kwa siku. Shida ni zingine: siku moja mtu wa biro atasahau CCI na kuweka zote kwenye Cc, na hapo adui yako wa soko anapata listi yako yote ya manunuzi bure, jina kwa jina. Tena hakuna linki ya kujitoa, so mtu akichoka nawe dawa yake ni kubonyeza "spamu" tu. Na hujui nani alikliki nini.

Kabla hatujafika kwa majina ya programu, kuna kitu kimoja ambacho ni kikubwa kuliko programu yenyewe, nacho ni adrese unayotumia kutuma. Toka Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza: kila anayetuma lazima awe na SPF ao DKIM, yaani alama za kuonyesha mesaji imetoka kwako kweli, na anayefikisha mesaji 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail lazima awe na vyote viwili pamoja na DMARC (maagizo ya nini kifanyike mesaji isipothibitishwa) na kifungo cha kujitoa kwa kliki moja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu kwa kila elfu. Wewe wa mesaji 400 kwa wiki utasema haikuhusu. Inakuhusu, juu programu hizi zote sasa hazikubali vizuri utume kwa jina la @gmail.com. Brevo kwa mfano inabadilisha adrese yako na kuweka ya kwake, Mailchimp vilevile, so mtu wa manunuzi kule mgodini anaona ofa ya buti kutoka kwa adrese ndefu ya ajabu asiyoijua. Atafungua? Mi nisingefungua.

Kwa hiyo nunua domeni, yaani jina lako mwenyewe la kuweka baada ya @. Ya .com ni kama dola 10 mpaka 15 kwa mwaka, na .cd ya nchi yetu ipo pia kama unataka waone wewe ni wa hapa. Zile SPF na DKIM zinatisha kwa jina tu, kwa kweli ni mistari michache ambayo programu inakupa na wewe unaikopi kwenye paneli ya pale uliponunua domeni, nusu saa ya kazi kama rezo haisumbui. Kinachosumbua kweli ni kitu kingine: domeni iko kwa jina la nani? Hapa mjini biashara nyingi zina site iliyotengenezwa na kijana fulani, domeni ameandikisha kwa adrese yake, neno la siri analo yeye, na sasa yuko Kinshasa ao Lusaka na hajibu. Kama ni hivyo kwako, maliza hiyo kwanza, hata ukilipa kidogo ili akurudishie, ndipo uje kwa Brevo na wenzake.

Haya, majina. Kuna nyingi, nachukua tatu ambazo watu wananitajia.

Mailchimp njo kila mtu anaijua. Ilianza Atlanta, Marekani, mwaka 2001, na mwaka 2021 Intuit wakainunua kwa kama dola bilioni 12. Ni nzuri, modeli zake za kurasa ni safi, iko na maelezo mengi kila mahali, ukikwama utapata video ya kukuonyesha. Lakini ule mpango wa bure uliofanya ijulikane si ule tena, zamani ulibeba watu 2,000, wakashusha mpaka 500, na toka hapo wamezidi kukaza, kwa hiyo angalia ukurasa wao wa bei siku unayojiandikisha na usiamini video ya mwaka 2019. Kitu kingine kinachoniudhi: inahesabu watu, na ndani ya hesabu inaweka hata wale waliojitoa, mpaka wewe mwenyewe uwaweke kwenye arkive. Yaani unalipia mtu ambaye amekwambia usimwandikie tena.

Brevo ni ya Wafaransa, ilianza Paris mwaka 2012 kwa jina la Sendinblue na mwaka 2023 wakabadili jina. Kwa mtu wa hapa ina faida mbili za wazi. Ya kwanza, kila kitu ni Kifaransa cha kweli, vifungo, maelezo, mpaka msaada, na katibu wako wa biro ataielewa bila wewe kusimama nyuma yake. Ya pili ni namna inavyohesabu: hailipishi kwa idadi ya watu bali kwa idadi ya mesaji unazotuma, na bure ni mesaji 300 kwa siku. Ina pia SMS na WhatsApp ndani yake, za kulipa pembeni. Ubaya: 300 kwa siku ni ukuta, ukiwa na watu 900 lazima ugawe kampeni kwa siku tatu, na chini ya mesaji za bure wanaweka alama yao.

MailerLite ni ya Lithuania, na kwa kuandika mesaji mi naona njo rahisi kuliko zote, unavuta, unaachia, imekwisha. Bure yake inabeba watu 500 na mesaji 12,000 kwa mwezi. Ila siku ya kujiandikisha wanakukagua kabla ya kukuruhusu, wanauliza site iko wapi, watu hawa umewapata wapi, na biashara isiyo na site wala domeni inaweza kukwama hapo hapo mlangoni. Watu wanakasirika, mi naona ni haki, kukagua huko njo kunafanya mesaji zao zifike.

Sasa piga hesabu na biashara yako mbele yako. Una listi kubwa ila unaandika mara moja kwa mwezi, tuseme watu 900, basi Brevo, siku tatu za 300 na hujalipa kitu, wakati kwa hizo zingine mbili watu 900 tayari wamekutoa kwenye bure. Una listi ndogo ila unaandika kila wiki, watu 200 mara nne ni mesaji 800, MailerLite inameza hiyo bila kuhisi, na Brevo pia inaweza. Mailchimp naishauri kwa mtu mmoja tu: yule ambaye tayari iko ndani, ana duka la intaneti lililounganishwa nayo, na kuhama kutamletea kazi kuliko faida. Mpya kabisa, asianze nayo.

Kulipa je? Siku ukitoka kwenye bure, zote tatu zinafikiria kadi ya Visa ao Mastercard, si M-Pesa wala Airtel Money wala Orange Money. Rawbank, Equity BCDC na TMB wote wana kadi, chukua ya prepeyi, weka humo dola za miezi michache tu na si makuta yote ya biashara, juu hizi programu zinakata zenyewe kila mwezi na bei inaweza kupanda yenyewe listi ikikua. Usisahau na fre (makato) za benki kwa malipo ya nje.

Watu wa kuandika unawapata wapi? Usinunue listi. Kuna watu hapa wanapitapita na flash yenye "adrese 5,000 za kampuni za Katanga", nusu zimekufa, na nusu iliyobaki itakubonyezea spamu mpaka domeni yako mpya ichafuke ndani ya wiki moja. Chuki hii si ya leo, mwaka 1978 mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya DEC kule Marekani alituma tangazo kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na walikasirika wakati ule ule. Kwetu pia kuna sheria, Kode ya Nimeriki (sheria ya mambo ya kidijitali) ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data za watu, kwa hiyo weka kaye (daftari) pale kontware, mtu aandike jina, numero, imeli na akubali mwenyewe, ama weka fomu na msimbo wa QR kwenye fakitire (ankara). Watu 60 waliokubali wana faida kuliko hizo 5,000.

Kwenye kuandika kwenyewe, kwa mtu wa migodi weka bei. Wafanyabiashara wetu wanapenda "tupigie tukupe bei", na mtu wa manunuzi ana ofa kumi mezani, hatapiga. Mesaji moja, kitu kimoja: buti modeli fulani, saizi toka ngapi mpaka ngapi, ziko depo hapa L'shi ao zinatoka Durban na zitachukua muda gani, bei na TVA (VAT), devi inakaa siku ngapi. Neno "depo L'shi" kwenye kichwa cha mesaji linauza kuliko "Promosio kubwa!!!", juu kila mtu anajua mateso ya mzigo uliolala Kasumbalesa. Kifaransa kwa hao, na baadhi ya kampuni wakubwa wanasoma Kiingereza, waulize. Usitume bango zima kama picha moja nzito, mtu anayesoma kwa mega zake hataisubiri, na msimbo wa mesaji (HTML) ukipita kilobaiti 102 Gmail inakata mkia wake, mara nyingi pale pale penye linki ya kujitoa. Na ile namba ya "waliofungua" usiiabudu, toka mwaka 2021 programu ya imeli ya Apple inaweza kuhesabu mesaji imefunguliwa hata kama mtu hajaigusa. Hesabu walioandika kurudi na walioomba devi.

Sasa wale wa katikati. Gesti: mgeni aliyelala kwako kwa kazi ya migodi ana imeli, ulimwandikia fakitire, mwandikie tena mara moja kila miezi miwili mitatu, Brevo ya bure inatosha kabisa, wa mji wanaokuja kwa chakula cha Jumapili, WhatsApp. Shule: SMS ya minervali, WhatsApp ya mambo mengine, imeli kwa wazazi walio maofisini tu, na kampeni ya kuandikisha ianze Juni, usingoje rantre (shule kufunguliwa) ya Septemba wakati mzazi amekwisha kulipa kwingine. Traiteri, WhatsApp tu, picha za sahani njo zinauza, labda uweke imeli kwa kampuni zinazoagiza chakula cha mikutano.

Na mama wa vitenge? Hakuna programu. Listi mbili za WhatsApp, moja ya wateja wa jumla na moja ya rejareja, Statuti kila asubuhi, na SMS moja katikati ya Februari juu fundi wa kushona anahitaji wiki mbili kabla ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, na baada ya hapo kitenge kinabaki rafuni. Numero zote zikopiwe kwenye kaye, na kaye isikae sakoshi moja na telefone.